Mjusi na Bawabu wa Kichuguu

Ukidhani utando unaoizunguka kila seli ya mwili wako ni ukuta tu, usiochagua cha kupitisha wala kupeleka habari ndani, sikia yaliyompata Mjusi.

Alikuwa na uchu wa mayai ya mchwa. Siku tatu aliuchungulia mlango wa kichuguu asiuelewe: nyasi kavu ziliingia, taka zikatoka, lakini yeye kila akisogea, Kigongo, mchwa bawabu, aliliziba tundu kwa kichwa chake kigumu.

Siku ya nne Mjusi akatunga uongo.

“Hodi, Bwana Kigongo! Nimetumwa. Siafu wanakuja! Nipishe nimwambie malkia mwenyewe.”

Kigongo hakumpisha. Aligonga ukuta kwa kichwa, ko, ko, ko, na huko ndani mchwa wakapokezana mlio ule chumba kwa chumba hadi kwa malkia. Mara mafundi wakaja na udongo wenye mate, wakaanza kuziba kila tundu.

Mjusi akashangaa. “Malkia amejuaje, nami bado niko nje?”

“Habari yako imeingia.”

“Na mimi je? Mjumbe hauawi, bwana!”

“Hauawi,” alisema Kigongo, akirudisha kichwa ndani ili bonge la mwisho libandikwe. “Wala haingii.”