Rafiki wa Raya

Arobaini ilipopita, Makame aliiwasha simu ya marehemu binti yake, Raya. Mkewe alimkataza.

"Mwache mtoto na siri zake, Baba Raya."

"Sipekui kitu, Mama Raya. Nataka kuuona mchezo wake tu."

Ulikuwa mchezo wa kujenga nyumba, ambao Raya aliucheza kila jioni na watu asiowahi kuonana nao. Ulipofunguka, katuni ya Raya ilionekana imesimama mlangoni, na katuni nyingine ikaja mbio ikirukaruka kwa furaha. Chini yakatokea maandishi: "Raya! Ulipotelea wapi? Nilidhani umenichoka."

Makame alimsomea mkewe. Yule mama akaketi karibu naye, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwambie," alisema. "Huyo naye amefiwa, ila hajui."

Makame aliandika polepole, kwa kidole kimoja: "Mwanangu, mimi ni baba yake. Raya ametutoka." Akatuma.

Ile katuni iliacha kurukaruka. Kisha ikasogea taratibu, ikaketi chini kando ya katuni ya Raya.