Alama ya Penseli

Seremala alijisifu kwamba hapimi mara mbili. Kitanda cha binti yake alikitengeneza kwa siri, na urefu akauchukua kwenye fremu ya mlango wa karakana, pale alipomchorea mtoto alama ya penseli utosini. Akaongeza shubiri moja, maana watoto hukua.

Jumamosi asubuhi akamwita.

"Kizuri, baba. Cha mteja gani?"

"Mteja wapi! Chako hicho. Hebu lala tuone."

Binti akacheka, akajinyoosha. Miguu ikapita ukingoni, ikaning'inia hewani kuanzia vifundoni.

Seremala akatafuta kosa kwenye mbao. Mbao hazikuwa na kosa. Miaka yote hii alikuwa akiondoka binti hajaamka na kurudi keshalala, na mtoto aliyejikunja chini ya blanketi hajulikani urefu.

"Njoo usimame hapa," alisema.

Binti akaegemea fremu. Ile alama ya zamani ikamfika kwapani.

Simu ikaanza kulia mfukoni. Alikuwa mwenye makabati, yule aliyeahidiwa leo bila kukosa.

"Baba, pokea basi. Atakasirika."

"Na akasirike. Wewe visigino chini, usiniibie."

Akachomoa penseli sikioni. Simu ikalia tena. Akauinua mkono mpaka pale alipodhani panatosha, kisha ikabidi auinue zaidi.