Njia ya Ndani

Ibra alilala chali chini ya gari jekundu, akaanza kuiharibu kazi nzuri aliyoimaliza asubuhi ile ile.

Hakutumia nyundo. Alizungusha boliti moja tu, ile inayogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Asubuhi aliipeleka nyuma, kama dereva wake, Norman, alivyotaka. Sasa aliirudisha mbele kidogo kidogo, akisema astaghfirullah kila alipoizungusha.

Mashindano yalikuwa kesho yake, nje kidogo ya Riyadh, kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Huko magari hukata kushoto tu, kona baada ya kona. Breki za nyuma zikishika zaidi, mkia huteleza na pua hugeukia ndani upesi. Za mbele zikishika zaidi, gari hutulia, lakini hugoma kukata. Huzunguka kwa nje, kama mgeni anayeogopa kuukanyaga mkeka wa wenyewe.

"Niwekee za nyuma zishike kabisa," Norman alikuwa amemwambia, akicheka. "Naenda kushindana, sipeleki watoto shule. Ukiweka za mbele, basi mpe Roseline aendeshe. Huyu hata kuegesha sokoni lazima watu watatu wampungie mikono!"

Roseline, mkewe, muuguzi katika zahanati moja ya mtaa wa Al-Suwaidi, alikuwa pale pale akimimina chai. Alimwongezea mumewe sukari, kwa kuwa anaipenda.

Norman alipoondoka, Roseline alibaki. Alikaa juu ya tairi kuukuu, mahali pake pa kila wiki. Tangu baridi iishe alikuwa akija pale gereji, mtaa wa Al-Sulay, na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, akimwomba Ibra amweleze habari za breki. Ibra alimweleza kila kitu bila kuchoka. Aliona mama wa watu ana hofu, na mwenye hofu akielezwa jambo hutulia.

"Ibra, nina ombi," alisema siku hiyo. "Kesho Norman asishinde."

"Shemeji!"

"Mwekee breki za mbele. Nataka arudi nyumbani mzima, na asishinde."

Ibra aliweka spana chini. Gari litakaloshinda ndilo lingekwenda kwenye fainali Jeddah. Bosi wa gereji naye alishasema: atakayekwenda na gari lililoshinda, kama fundi wake, atapewa ruhusa ya kusafiri. Vinginevyo, mafi, hakuna ruhusa. Na huko Jeddah, mtaa wa Ruwais, ndiko aliko mdogo wake Ruqayya, mfanyakazi wa ndani. Hawakuwa wameonana tangu waondoke Unguja. Madam wake alikubali kumwachia siku moja, mradi kaka mtu aje mwenyewe kumchukua mlangoni.

Roseline aliyajua hayo yote.

"Na Ruqayya?" aliuliza polepole.

Ibra aliikumbuka homa ya mwaka jana. Roseline alikuja kila jioni akitoka kazini, amebeba uji, akamlisha kwa kijiko mbele ya vijana wenzake, nao hawakuthubutu kucheka. Mtu kama huyo utamnyima nini?

"Ruqayya atasubiri," alisema.

Roseline aliinamisha kichwa, akavitazama viatu vyake vya kazini, vyeupe, vilivyojaa udongo.

"Na akienda nje kwenye kona, ndani patabaki wazi?"

"Wazi kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, shemeji."

Roseline akashusha pumzi. "Asante. Mimi kesho kukaa pale jukwaani siwezi."

Ibra alitaka kumuuliza atakuwa wapi, lakini kwao mke wa mtu haulizwi anakokwenda.

Kesho yake duru ya kwanza ilikuwa ya polepole, ya kupasha injini moto, na Norman hakuhisi kitu. Bendera iliposhuka aliruka mbele ya wote. Kwenye kona akakanyaga breki, na gari jekundu likaenda nje, pana, taratibu, kama bibi harusi. Kona iliyofuata, vile vile. Ibra alijifunika uso kwa kitambaa cha grisi.

Norman aliongoza hivyo hivyo, kwa nguvu ya injini. Nyuma yake lilikuwepo gari la buluu, geni, lililotoka gereji ndogo ya Al-Suwaidi. Halikuwa na papara. Lilimfuata kona hadi kona. Kwenye kona ya mwisho mkia wake ukateleza vizuri, pua ikageuka, likapenya ndani na kumaliza la kwanza.

Ibra alimshukuru Mungu kwamba Norman ni mzima. Kisha akatoa simu amwandikie Ruqayya, asijue aanze vipi.

Norman alishuka akijipangusa vumbi. "Ibra! Breki gani hizi?"

Ibra akatazama chini.

"Halas, yamepita," Norman akasema, akimpiga bega. "Lakini huyo jamaa wa buluu anajua! Ndani kabisa, bila hata kunigusa. Twende nikampe mkono."

Walimkuta dereva bado yumo garini, helmeti kichwani, anajaribu kuegesha kando ya jukwaa la washindi. Watu watatu walikuwa wakimpungia mikono, kulia, kushoto, basi, basi!

Hatimaye gari likakaa sawa, na helmeti ikavuliwa.

"Shemeji," Roseline akamwambia Ibra, "mimi sina fundi wa kwenda naye Jeddah. Mpigie Ruqayya."