Kuku wa Matanga

Wanaume walikuwa makaburini wakimzika baba yake Zamda. Yeye alibaki uani na wanawake wenzake, akimenya vitunguu, mpaka shangazi yake alipomtupia kuku na kisu.

“Chinja, Hemedi.”

“Naitwa Zamda, shangazi.”

“Jiite upendavyo. Mwanamume hapa ni wewe tu, na wageni wana njaa.”

“Jikoni kanga, kwenye kisu kanzu!” mmoja akadakia. Wakacheka.

Zamda aliinuka kwa hasira ili amrudishie shangazi kuku na kisu. Lakini mwili ulimtangulia: mguu ukakanyaga mabawa, mkono ukamwelekeza kuku kibla. Hakukumbuka kufundishwa. Kisha likamrudia kofi la baba, na sauti yake: “Mtoto wa kiume halii!”

“Umejiona?” shangazi akasema.

Zamda akaondoa mguu. Akaushika mkono wa shangazi, akamfumbatisha kisu.

“Mungu hakumkataza mwanamke kuchinja. Mimi nimekataa kuchinja kama Hemedi. Piga bismillahi, uchinje mwenyewe.”

Vicheko vikakatika. Kuku akajikung’uta vumbi, akasimama katikati yao, shingo juu.