Kamba ya Mfanyakazi Bora

Siku ya Wafanyakazi, kisiwa kizima kilianikwa juani kumsubiri mgeni rasmi, aliyefika saa sita akinukia udi. Bi Mize, msokota kamba za makumbi ya nazi kwa miaka arubaini, akaitwa jukwaani: mfanyakazi bora. Zawadi yake ilikuwa kamba ya nailoni, ya dukani.

“Hii itakupunguzia kazi, mama,” mgeni alisema.

“Ahsante, mwanangu. Wewe naona walikupunguzia zamani.”

Akaipiga fundo palepale. Fundo likateleza, likafunguka lenyewe. Bi Mize akasonya, akainua macho. Bango zito la HESHIMA KWA MFANYAKAZI lilining’inia juu ya kichwa cha mgeni, limefungwa kwa nailoni ileile. Upepo ulianza kuvuma.

Bi Mize akashuka ngazi taratibu, asimwambie mtu.