Fahali Alipolala kwa Mama Nyemo

Fahali wa Taifa aliingia bomani kwetu asubuhi, kamera tatu zikielea juu ya nundu yake. Sheria yenyewe kila mtoto anaijua: atakapolala fahali na kucheua, hapo ndipo utakapojengwa mji mkuu mpya. Hairuhusiwi kumgusa, kumwita wala kumtupia majani.

Kuhusu magadi, sheria haisemi kitu.

Nilikuwa nimeyamwaga jana yake nyuma ya zizi, debe zima la magadi wanayolamba ng'ombe wetu, nikayafukia kwa vumbi. Mume wangu Chilewa alininong'oneza, "Mama Nyemo, utatufungisha." Nikamwambia anyamaze, atazame.

Fahali akanusa. Akalamba, akalamba tena, kisha akakunja magoti ya mbele, akajilaza, akaanza kucheua. Simu za majirani zikalia zote kwa pamoja, nami nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Bunge nyuma ya zizi langu. Ikulu kwenye shamba la mtama.

Kabla ya adhuhuri akafika afisa wa ramani.

"Hongereni sana, mama. Nyumba yenu haibomolewi. Ninyi ndio wakazi wa kwanza wa mji mkuu."

"Na ng'ombe wetu?" Chilewa akauliza.

Afisa akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Mzee, ndani ya mji mkuu anaruhusiwa ng'ombe mmoja tu, naye ndiye huyo."

Fahali aliendelea kucheua. Zizini, ng'ombe wetu walikuwa wamenyoosha shingo juu ya uzio wa miiba, wakinusa magadi yao.