Viganja vya Baba Jovina

Kabla hajammiminia mumewe maji ya kunawa, Tumpe alikishika kiganja chake akakinusa. Tumbaku. Akauachia mkono ule kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Leo ngapi?"

"Mbili," Leodegari alijibu, macho chini. "Nisamehe, mama Jovina."

Tumpe alimmiminia maji harakaharaka. Zamani mumewe akirudi kutoka ofisini alimpokea mkoba na kumpa pole na kazi. Siku hizi mkoba aliuacha aubebe mwenyewe, na pole hakumpa. Kazi gani hiyo ya kumpa mtu pole, kukaa kwenye kiti na kupuliza moshi?

Kilichomuuma zaidi ni aibu. Leodegari alikuwa mvutaji wa kutisha, pakiti nzima kwa siku, mpaka tabibu alipomwambia waziwazi kwamba kifua kile hakina mwaka mwingine wa sigara. Jumatano ya Majivu akaacha. Tumpe alipigana naye bega kwa bega. Kiu ya sigara ikimshika alimpa maji, kisha mahindi ya kukaanga ayatafune, kisha alimsimulia habari za kwao Tukuyu, chai na ndizi na mvua isiyokatika, hadi kiu ipite. Siku za mwanzo Leodegari alitetemeka, akagombana hata na kuku. Lakini alishinda. Siku ya Pasaka Tumpe akasimama mbele ya jumuiya yao ya mtaa wa Lizaboni, mwalimu mzima, akatangaza: "Mume wangu ameacha!" Walipigiwa vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Wiki mbili baadaye ile harufu ikarudi.

Siku ya kwanza alipomwuliza, Leodegari alivitazama vidole vyake, vilivyoanza kuwa na rangi ya kahawia kwenye ncha. Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Ndiyo," alisema. "Nimeanza tena."

Tumpe alipekua. Mifukoni hakukuta kiberiti wala kipisi. Shati lilirudi safi kama lilivyoondoka asubuhi. Nywele na mikono ndiyo iliyonuka, na macho yalikuwa mekundu. Mjanja huyu, alijisemea, anavua shati ndipo avute. Na ugali alivyoufakamia, utadhani ametoka kulima! Alimtilia mahindi ya kukaanga mkobani, jioni mkoba ukarudi mtupu na harufu iko palepale. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne, Walburga, katibu wa jumuiya, akamfuata shuleni.

"Mwalimu, Jumapili tunaomba baba Jovina asimame. Kuna vijana watatu wanataka kuacha sigara. Tunataka wamsikie mtu aliyeshinda."

Uso wa Tumpe uliwaka. Hapo ndipo pa kusema kweli, lakini ulimi ukamgomea.

"Atasimama," alisema, akajichukia papo hapo.

Alipomweleza mumewe, Leodegari alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nitasimama vipi mbele ya watu, na wewe kila siku unaninusa mikono?"

Siku mbili alifundisha bila kujua anafundisha nini. Jumapili ilikuwa inakuja, na yeye ndiye aliyempeleka mumewe mbele ya watu akaumbuke. Alhamisi akamwachia mwenzake kipindi, akaenda ofisini kwa Leodegari. Alikusudia kuwaomba wafanyakazi wenzake, hata kwa kupiga magoti, wasimpe tena sigara.

Ofisini alimkuta mzee Kajetani, tarishi, peke yake. Meza ya Leodegari ilikuwa imepinduliwa ukutani, miguu juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Za siku?"

"Si nzuri. Nimekuja kuwaangukia. Baba Jovina msimpe sigara, jamani. Mtaniulia mume."

Mzee Kajetani alimtazama kama mtu asiyejua aanzie wapi.

"Sigara gani, mwanangu? Siku ile ya kuwaaga nilimnyooshea moja, akaikataa. Akasema ameahidi nyumbani."

"Kuwaaga?"

"Si walipunguzwa watu kumi na wawili hapa, wiki ile baada ya Pasaka?" Mzee akashusha sauti. "Yuko kule njia ya Namtumbo, kwa mkulima mmoja, Daimu, kibarua cha banini, kwenye banda la kukaushia tumbaku. Anatundika tumbaku ya watu juu ya moto ikauke kwa moshi. Mimi nilidhani unajua."

Tumpe alirudi Lizaboni kwa miguu. Wazazi wa wanafunzi wake walimsalimu njiani, naye akapita ameinamisha kichwa, akiona aibu ambayo tangu azaliwe hakuwahi kuiona.

Jioni Leodegari aliingia na mkoba wake wa ofisini na shati lake safi. Akavinyoosha viganja vinuswe.

"Leo tatu," alisema, macho chini. "Nisamehe."

Tumpe aliupokea mkoba. Kisha akaviinamia viganja vile, vyenye malengelenge, akavimiminia maji taratibu bila kuvinusa.

"Pole na kazi," alisema.